Kilo Moja ya Najim

Siku ya tatu ya matanga, nyumba ya Bi Habiba pale Bagamoyo ilijaa mpaka viatu vikafika mlangoni kwa jirani. Najim alikuwa mwanawe wa pekee. Pikipiki ilimuua barabarani Zinga. Mama mtu hakutaka jingine: mwanawe asomewe tahlili elfu sabini, ziishe kabla ya hitima ya alasiri, maana baada ya hapo kila mtu na kwake.

"Elfu sabini!" Ashatu akaninong'oneza. "Si tutazeekea mkekani?"

"Kusengenya huchoki, kumtaja Mungu ndiyo unachoka?" Dija wa dukani akamrukia. "Sikilizeni. Kilo moja ya kunde ni punje elfu saba, nilizihesabu msibani kwa mama. Elfu sabini ni kilo kumi, ndoo ile pale, wala haijai. Tuko hamsini hivi. Kila mtu kikombe kimoja cha chai."

Tukacheka, japo ni msibani. Kikombe cha kunde kitamshinda nani? La ilaha illa Llah moja, punje moja iende kwenye ungo.

Bi Habiba akainua uso. "Dija mwanangu, na siku alizoishi Najim? Miaka kumi na tisa. Ni kunde kiasi gani?"

Dija akabonyeza simu yake, kisha akaifunika mkekani.

"Sema."

"Haijai kilo, mama. Inakaribia tu."

"Na siku niliyomzaa imo?"

"Imo."

Bi Habiba akasogea kwenye ndoo, akapimiwa kilo, akaimwaga juu ya kanga mapajani, akaanza peke yake.

Vikombe vyetu viliisha adhuhuri haijaadhiniwa. Ashatu akanyoosha mkono kwa huruma. "Nipe nusu, mama, nikupunguzie."

"Hizi hazipunguzwi."

Alasiri ikaswaliwa. Wanaume wakakohoa barazani, shehe akatuma mtu kuuliza, akajibiwa bado. Wageni wa Makurunge, vifurushi vimeshafungwa, gari likawaacha, na hakuna aliyelalamika. Tulikaa tu tukimwangalia. Alikuwa anaishika punje, anaitazama kwanza, ndipo anaitamkia na kuiweka ungoni.

Juu ya kanga ilibaki kama robo. Na kadiri ilivyopungua, ndivyo alivyozidi kwenda polepole.