Kivuli Kilichobaki Kituoni

Mnyapara Uweso hakuamini vichwa. Kwa miaka mingi aliwahesabu wakata mkonge wake kila alfajiri kwa kuita majina, na kila alfajiri wawili watatu waliokuwa bado wanakoroma kambini waliitikiwa na rafiki zao. Basi akabuni njia yake. Jua lilipochomoza aliwapanga watu mstari mmoja ubavuni mwa ghala, nyuso zikielekea baharini, kisha akapita nyuma yao akihesabu vivuli vilivyolala chini. Kivuli, alisema, hakiitikii kwa niaba ya mwenzake. Siku za mawingu alilazimika kurudi kwenye vichwa, na siku hizo alinuna kutwa.

Ndiyo maana Jumatatu moja ya Januari, mwaka wa hamsini na sita, alipofika nyuma ya Tadeo alisimama, akatazama chini, akamruka na kwenda kwa mtu aliyefuata.

"Mimi nipo, Bwana Uweso," Tadeo akasema.

"Nakuona," mnyapara akajibu. "Lakini hukuja kamili."

Kipande chake, ile kadi ya kazi, hakikutiwa alama siku hiyo, wala iliyofuata. Kambini hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alijua kivuli cha Tadeo kiko wapi: kilikuwa sakafuni katika chumba cha nyuma cha kituo kidogo cha polisi, pembezoni mwa mji wa Tanga, na kilikuwa huko tangu Jumamosi.

Jumamosi hiyo Tadeo alikwenda mjini kununua chemni ya taa. Alipotoka dukani kwa Zainuddin, chemni imeviringishwa kwenye gazeti, alisimamishwa na Koplo Asheri na kutakiwa aonyeshe risiti ya kodi. Risiti alikuwa nayo, ila ilikuwa katika mfuko wa shati la kanisani, na shati la kanisani lilikuwa kambini, limetundikwa msumarini. Alieleza hivyo kwa adabu zake zote. Koplo Asheri hakuwapenda watu wenye maelezo. Akamwingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango, na Zainuddin aliyewafuata hadi barazani alisikia sauti ya kirungu kwa muda wa kutosha kuchemsha chai na kuinywa.

Bibiana, mke wa Tadeo, aliyepelekewa habari na Zainuddin, alifika alasiri akihema, risiti mkononi. Askari wakaisoma, wakaridhika, wakamrudishia mume mwenye mbavu mbili zilizovunjika na mkono wa kushoto usionyooka. Chemni ilikuwa nzima. Walipotoka barabarani jua lilikuwa limeinama, na Bibiana akaona kwamba watu walikuwa wawili na kivuli kilikuwa kimoja.

"Baba Kristina," akasema, "umekiacha."

Wakarudi kukiomba. Askari wa zamu hakuwa mtu mbaya, akawaruhusu waingie. Kivuli kilikuwa kimelala ubavu juu ya saruji, magoti yamekunjwa, mkono umefunika kichwa. Juu yake kilining'inia kivuli cha kirungu kilichoinuliwa, kimeshikwa na mkono, na mkono huo ulikatikia kwenye kiwiko. Tadeo alichutama, akakibembeleza kwa Kingoni, lugha ya kwao. Hakikuinuka. Kilikuwa kinaogopa, na maadamu kirungu kile kilikuwa juu yake kisingethubutu. Tadeo hakukilaumu. Alijilaumu yeye kwa kuwa ameweza kuinuka na kukiacha, na aibu hiyo ilimuuma kuliko mbavu.

Zainuddin ndiye aliyemwambia la kufanya. Mwenye mkono aje auchukue mkono wake, alisema, ndipo na wewe utakipata kivuli chako. Na askari hatoi kitu kwa kuombwa. Akatoa karatasi, akamwandikia madai ya kwenda kortini: kwamba Tadeo, mkata mkonge, amepigwa kupita kiasi bila kosa, na kwamba anamdai Koplo Asheri fidia na kuondolewa kwa mkono. Tadeo akapiga dole gumba. Kwa sheria ya kambi, mtu asiyetimiza alama zake hadi mwisho wa Machi alipaswa kutoa vyombo vyake nje na kumwachia chumba mwenye kivuli. Siku za mawingu zilimwokoa kidogo, lakini Februari mawingu ni machache, na Tadeo akawa anaamka usiku kutazama kama nyota zimefichwa.

Habari za madai zilimfikia koplo upesi. Alasiri moja alikuja kambini peke yake, akasimama mlangoni kwa Tadeo, akaomba maji. Bibiana akampa kikombe, maana mgeni ni mgeni. Kristina, mwenye miaka minane, alikuwa amekaa kizingitini akipepeta mchele, na yeye ndiye aliyeona kwanza. Jua lilikuwa linapiga ukuta. Kivuli cha koplo kilisimama pale chote, kofia, mkanda na viatu, lakini mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko, na kivuli cha kikombe kikapanda kwenda mdomoni peke yake.

"Mbavu zimepona?" koplo akauliza.

"Zinapona, afande."

"Vizuri. Zipo nyingine." Akamrudishia Bibiana kikombe, akashukuru, akaenda zake.

Kuanzia siku ile Bibiana hakulala. Alimwambia mumewe wazi kwamba anaogopa, kwamba mwenye nguvu hupishwa, na kwamba kwao Songea kuna ardhi na hakuna anayehesabu vivuli. Tadeo akamjibu kwamba hawezi kurudi kwa mama yake akiwa nusu. Na zaidi ya hapo, alisema, wamekwisha kushinda: wote watatu wameona kiwiko. Hakimu akiletwa kituoni, koplo akisimamishwa juani, kivuli chake kitajishtaki chenyewe. Bibiana akaanza na yeye kuamini kidogo.

Karani wa korti alimwita Tadeo mwishoni mwa Februari. Hakimu amekubali kwenda kituoni kuona kwa macho, alisema, na kwa kuwa mdai ni mtu wa kazi, korti imempa yeye achague saa.

Sasa, mkata mkonge hukata kwa kazi ya siku. Anaanza na mapambazuko, na mizigo yake ikitimia, karibu na adhuhuri, siku ni yake. Akiondoka kabla haijatimia, jasho lote limekwenda bure. Kwa hiyo kambini kila kitu kilipangwa adhuhuri: ubatizo, maziko, posa, kung'oa jino. Tadeo alikuwa na miaka kumi na miwili ya desturi hiyo. Hakuwa na kazi ya siku tena, lakini mdomo haukukumbuka.

"Saa sita mchana," akasema.

Karani akaandika. Tadeo akapiga dole gumba.

Walifika kituoni wiki ya kwanza ya Machi: hakimu Mwingereza, mkalimani, karani, Zainuddin, Bibiana aliyevaa kitambaa chake cha Jumapili. Hakimu alikitazama kivuli kwa makini. Alimtaka Tadeo alale kando yake akunje magoti, na karani akapima kwa utepe. Vililingana mpaka kidole. Kisha hakimu akaagiza koplo atoke uani, ainue mkono wa kulia.

Koplo Asheri alitoka, akasimama wima, akainua mkono. Katika siku hizo za Machi, Tanga, jua la saa sita hukaa utosini kabisa. Chini ya koplo palikuwa na doa jeusi, duara, lililotoshana na ukingo wa kofia yake. Hakimu akalizunguka doa lile mara mbili.

Tadeo akakitafuta kiwiko ndani ya doa, hakukiona. Akaomba wangoje mpaka saa tisa. Zainuddin naye akaomba, kwa Kiingereza. Hakimu akatazama saa yake. Saa saba alikuwa na chakula, saa nane alikuwa na kesi ya mbuzi, na saa hii, mkalimani akaeleza, ilichaguliwa na mdai mwenyewe, dole gumba lake hili hapa.

Hukumu ilisomwa palepale barazani. Korti imeridhika kwamba kivuli ni cha Tadeo. Imeridhika kwamba amepigwa, tena sana. Ni mkono wa nani, haikuonyeshwa. Madai yametupwa.

Bibiana alilia waziwazi, na hakuna aliyemnyamazisha. Mwisho wa Machi walitoa vyombo nje.

Koplo Asheri alipandishwa cheo na kuhamishiwa Mwera, na inasemekana huko hupiga saluti bila kuinua kitu ukutani, na wakubwa wake wameshazoea. Tadeo alipata kazi. Mfagizi wa kituo alikuwa amestaafu, na sajini alisema haina maana kutafuta mtu mbali wakati nusu ya huyu ipo hapahapa tangu mwaka juzi, ingawa ilikuwa miezi mitatu tu. Kila asubuhi Tadeo alipiga deki chumba cha nyuma, akipita polepole pembeni mwa kivuli chake ili asikishtue. Mwaka uliofuata kilikuwepo cha pili, kando ya dirisha, chini ya mkono mwingine.

Mwenye hicho cha pili alikuwa mvuvi wa Moa. Mkewe, Mwatumu, alikuja mwishoni mwa Machi kukiangalia, akamkuta Tadeo na ndoo yake.

"Shikamoo, kaka. Nimefungua madai."

"Marahaba, dada. Wakikuuliza saa, usiseme saa sita. Hata ukifa, usiseme saa sita."

"Nimesikia habari zako," Mwatumu akasema. "Nimetaka saa moja asubuhi, jua likichomoza tu. Wamekubali papo hapo, wala hawakubishana."

"Siku gani?"

"Wameniandikia mwezi wa Mei, katikati."

Alisema hivyo akitabasamu. Tadeo akainama, akazamisha tambara katika ndoo, akalikamua mpaka likaisha maji. Mwezi wa Mei ni wa masika, mawingu tupu. Mwezi wa Mei, Bwana Uweso hununa siku zote thelathini na moja.