Kicheko Nyuma ya Simu

Kicheko ndicho kilichomuumbua msichana Baaba. Jumamosi ile saluni ya mama yake, pale Cape Coast, ilifurika wateja, naye alikuwa akimpasia mama nywele za kusukia, mikono ikienda na mdomo ukienda zaidi. Mteja aliyekuwa kitini akamwinulia mama simu.

"Ewurama, hebu tazama kituko hiki. Wanakwaya wenzangu wamenitumia."

Kwenye video, mvulana mwembamba alikuwa jukwaani akighani shairi. Kila alipofika katikati ya mstari alishikwa na kwikwi, na kila kwikwi ilikuwa imebandikwa mlio wa mbuzi. Saluni nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Mara akanyamaza, akaiinamia simu kama mtu aliyenusa chungu kikiungua. Nyuma ya ile milio alisikika msichana akicheka, kicheko chembamba chenye kuvuta pumzi ndani mwishoni.

"Kicheko hiki nimekizaa mimi," alisema taratibu.

Baaba aliinama kutafuta kitana ambacho hakikuwa kimepotea.

"Nani huyu mtoto wa watu?"

"Ebo. Wa darasani kwetu. Yule aliyehamia kwa bibi yake."

"Anakuja shule?"

"Tangu Alhamisi hajaja." Mwenyewe alikuwa amejiambia kwamba ni malaria. Ukweli alikuwa ameufungia chumba cha ndani, lakini ukweli haukosi ufa wa kuchungulia. "Mama, niliituma kwenye kundi letu la darasa tu. Na nimeshaifuta!"

"Umefuta kwako. Humu simuni umefuta? Vaa viatu, twende."

"Ewurama! Na kichwa changu nusu nusu?" mteja akalia.

"Kaa na nusu yako, dada. Wewe na mimi tumemcheka."

Mteja akatazama chini. "Basi naifuta. Na wanakwaya nawaambia waifute."

Ebo walimkuta uani akimenya ndizi mbivu, bibi yake akipasha mafuta. Njiani Baaba alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi, yenye mzaha kidogo wa kuyalainisha, maana hakuwahi kuingia mahali bila kuchekesha. Ebo hakumpa nafasi.

"Simu iko wapi?"

"Mfukoni."

"Mpe Nana."

Baaba akampa bibi. Mikono yake ikabaki mitupu, haijui pa kukaa. "Nitakutengenezea nyingine, Ebo. Nzuri! Utaghani shairi zima, niweke na muziki. Watu wataisahau ile."

"Ya kwanza hukuniuliza. Sasa unanipangia ya pili?"

Mafuta yalichachatika. Ebo akakata ndizi moja, kisha nyingine. "Mbuzi ningemvumilia. Lakini chini uliandika jina langu na la shule. Kuna mtu nisiyemjua ameniandikia, ananisifia, anataka kujua nakaa nyumba gani."

Mama akashika kifua. "Ulimjibu?"

"Nilimwonyesha Nana."

"Na Nana akamzuia," bibi alidakia, akiinua kidole chenye unga wa tangawizi. "Kwa kidole hiki hiki. Kisha nikampelekea mwalimu habari."

Wengine walicheka. Baaba hakucheka. Kwa mara ya kwanza aliwaza juu ya macho asiyoyajua, yaliyomtazama Ebo kupitia tundu alilolitoboa yeye.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Jumatatu simama mbele ya darasa, useme ulichofanya. Bila utani."

Bila utani! Ni kama kumwambia mpishi apike bila moto.

Jumatatu alisimama. Maneno yalimtoka makavu kama makapi. Wenzake walisubiri kichekesho. Kilipochelewa, wakaanza kujichekea wenyewe. Kisha Fiifi, mvulana wa nyuma kabisa, akachomoa simu ambayo haikupaswa kuwapo shuleni, akamwelekezea. Ulimi wa Baaba ukagota. Kumbe ndivyo ilivyo, kusimama upande huu.

"Fiifi, shusha," Ebo alisema.

"Aah, mwanangu, natania tu!"

"Hata yeye alikuwa anatania tu."

Fiifi akaishusha. Baaba akaendelea mpaka mwisho, akamtaja na yule mtu asiyejulikana. Alipokaa, hakuna aliyepiga makofi, ila simu ya Fiifi ilipita mkono kwa mkono hadi mezani kwa mwalimu, na aliyeianzisha safari alikuwa Fiifi mwenyewe.

Wakati wa mapumziko Ebo alimsogezea Baaba ndizi za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi.

"Umeongea vibaya kweli."

"Najua."

"Yaani vibaya mno. Nusura nikuonee huruma."

"Si nimesema najua?"

Ebo akatafuna, akaelekeza kidevu kwenye mlango wa darasa la tano, ambako watoto walikuwa wakigombania kiti kimoja kwa kelele za soko zima. "Na wale wanayo ile video. Mdogo wake Fiifi aliwapelekea."

Baaba akautazama ule mlango. Akajifuta mafuta ya ndizi kwenye sketi.

"Wataniuliza nini?"

"Sijui. Wale maswali yao ni makali."

"Utakuja?"

"Nitasimama mlangoni," alisema Ebo, akainuka kabla yake.