Siku Nzohe Alipojitokeza

Balwant Singh amekuwa akija kwenye hifadhi hii ya kinamasi miaka yote niliyomfahamu, na hajawahi kumwona nzohe. Watalii wa siku moja wanamwona. Watoto wa shule wanamwona, tena wakipiga kelele. Hata mke wangu Rispah, aliyekuja mara moja tu na viatu vya kanisani, alimwona huyo swala wa majini akila matete kama mbuzi wa nyumbani, akaniuliza ati ni huyu tu mnaamka alfajiri kwa ajili yake? Lakini Balwant, wapi! Anafungua pakiti yake ya chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, inalia kwarara kwarara, mnyama anatokomea.

Kwa kawaida mimi hucheka. Mwaka huu sikucheka, kwa sababu ya maneno aliyomwambia binti yake.

Harpreet anaishi Uingereza. Tangu mamake, Kaushalya, afariki, amekuwa akimsumbua baba yake ahamie kwake. Chumba kipo, wajukuu wapo, na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitale limeshapata mnunuzi. Balwant alichoka kubishana, akamwambia, "Siku nikiona nzohe, siku hiyo hiyo kata tiketi." Alidhani amemaliza maneno. Harpreet, ambaye kichwa ngumu alirithi kwa huyo huyo baba, akanipigia mimi.

"Anko Khaemba, Daddy atanidanganya. Wewe huwezi. Akiiona, niambie."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini? Mimi ni mzee wa kanisa, na nilipokuwa mkaguzi wa nyama pale Bungoma sikupiga muhuri nyama mbovu hata ya ndugu yangu. Lakini niliiweka simu mezani nikiwa na hasira na dunia nzima. Sitaki Balwant aende. Nisizungukezunguke. Rafiki mwingine wa kubishana naye sina, na kwa umri huu sianzi kutafuta.

Basi Jumamosi moja ya Machi, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha, tukapanda lile jukwaa la mbao katikati ya matete. Tulikuwa tumeshawaona tumbili wenye ndevu nyeupe na fisi maji mmoja. Juu yetu korongo weupe walikuwa wanapita. Msimu huu hurudi Ulaya kutaga, na jua likishika hupanda wakizunguka juu ya kinamasi, kundi juu ya kundi, bila kupiga mbawa.

"Ona hizi, bana," Balwant akasema, darubini machoni, kilemba chake cha rangi ya machungwa kikiwaka hata watu wa Suam kule mpakani wangekiona. "Zinaenda kwa Harpreet."

"Hizo zinaenda kutaga. Wewe ukienda utataga nini?"

Alicheka mpaka mbao zikatikisika. Kisha akairudisha darubini angani, na hapo ndipo nikamwona.

Nzohe dume. Alikuwa amesimama majini nyuma ya Balwant, karibu kiasi kwamba niliona maji yakimdondoka kidevuni. Hakuwa na haraka yoyote.

Nyamaza, Khaemba, nikajiambia. Kunyamaza si kudanganya. Mnyama ataondoka sasa hivi, mtashuka, mtakunywa chai, na Jumamosi ijayo Balwant atakuwepo. Nikanyamaza kweli. Halafu nikautazama mgongo wake, na ile sweta aliyofumiwa na Kaushalya, imetoboka kiwikoni. Mtu amemtafuta mnyama mmoja miaka hii yote, na mimi, rafiki yake, namficha. Nilijichukia.

"Balwant," nikanong'ona. "Geuka polepole. Ako nyuma yako."

Hakugeuka.

"Balwant! Nzohe! Dume!"

"Nimesikia."

"Si ugeuke basi, wewe mtu!"

"Naangalia korongo." Alikuwa ameishika ile darubini kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Iko na pembe?"

"Ndefu."

"Zimejipinda?"

"Kama skrubu za dukani kwako."

"Inafanya nini?"

"Ilikuwa inakula. Sasa inakuangalia."

Machozi yalimtoka chini ya darubini, yakaingia kwenye ndevu, na bado alitazama juu, mahali ambapo, haki ya Mungu, hapakuwa tena na ndege hata mmoja. Nzohe akaingia kwenye matete taratibu, akapotea. Nikamwambia ameenda. Hapo ndipo Balwant akageuka, akayaangalia maji yaliyokuwa bado yanachezacheza, akayaangalia sana.

"Leo pia hakuna kitu," akasema, akajipangusa uso na kutoa chevda.

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamwambia anachafua hifadhi na makombo, naye akaniambia nishughulike na yangu, tukashuka tukigombana mpaka getini.

Jioni Harpreet akapiga, kama kila Jumamosi.

"Anko, ameiona?"

Rispah alikuwa jikoni anasikiliza. Nilikuwa nimemsimulia yote.

"Hajaiona, mama," nikasema. "Nilikuwa naye wakati wote. Hajaiona."