Dakika Saba za Mnara

Katika mji ule mdogo, mtu akikwambia mkutane saa nne, lazima umuulize, "Ya mnara au ya mkononi?" Saa ya mnara ilitangulia kwa dakika saba, wala si kwa ubovu. Fundi aliyeitunza miaka thelathini na mmoja aliisogeza mbele makusudi, enzi za treni, kwa kuwa aliwajua jirani zake: watu wa kuaga mara tatu, kisha wakumbuke wamesahau mwavuli. Treni zilipokoma akaiacha vilevile, na watu wakamcheka mpaka anaingia kaburini. Ahsante ya punda ni mateke.

Mjane wake, ambaye mji mzima ulimwita Mama Saa, ndiye aliyerithi ufunguo. Kila asubuhi alipanda vidato sitini na viwili, goti la kushoto likilalamika, akaitia saa ufunguo na kuipangusa vumbi. Chumba kile cha juu, chenye harufu ya mafuta ya mashine, ndicho alichobakiwa nacho cha mumewe.

Wiki ile katibu wa kamati ya mji alimfuata nyumbani. Walikuwa wanakuja watu wanaoandika kitabu cha miji midogo inayofaa kutembelewa. Njia ya mawe ilikuwa imesuguliwa, stesheni ya zamani imepakwa chokaa.

"Mama, naomba uirekebishe ile saa."

"Marehemu aliiweka hivyo kwa sababu."

"Najua, mama yangu. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakikuta mnara wetu unasema uongo, watatuandikaje? Kamati imeshaamua: isiporekebishwa, tunafunga chumba, tunaweka ya umeme."

Siku ya wageni ilipofika, Mama Saa akapanda. Saa ya namna ile hairudishwi nyuma, husimamishwa. Alikishika kile chuma kinachoning'inia na kuyumba, akakaa nacho mkononi dakika saba nzima.

"Nisamehe, baba watoto," aliuambia ukuta.

Kumbe mji mzima umezoea kutoa saba. Katibu mwenyewe alitazama mnara, akatoa saba kama kawaida yake, akamalizia chai kwa starehe. Alipofika uwanjani alikuta wageni wameshashuka, wanamwuliza njia mchunga mbuzi aliyekuwa akipita.

Mkubwa wao, mwandishi wa makamo, hakuitazama stesheni wala njia ya mawe. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya mnara, alikosimama Mama Saa na ufunguo wake. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama juu.

"Imetengenezwa?"

"Sasa iko sawasawa kabisa," katibu akajibu kwa fahari.

"Basi mmenisikitisha."

Akawaeleza. Miaka ishirini na sita nyuma alikuwa mwalimu mwanafunzi pale, mgeni asiyejua kuwa saa ya mnara hutangulia. Alipata habari mama yake yu mahututi, na akiikosa treni ya siku ile, nyingine ilikuwa baada ya siku mbili. Hakuwa na saa. Alikuwa bado anafunga mzigo alipochungulia dirishani, mnara ukamwonyesha zimebaki dakika mbili treni iondoke. Akauacha mzigo, akatimua mbio huku analia, akaikuta treni ingali imesimama.

"Nilimkuta mama bado anajua jina langu. Alifariki jioni ileile, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Msimamizi wa stesheni aliniambia nimshukuru fundi saa. Sikupata nafasi. Leo ndiyo nimekuja kumshukuru."

Katibu akatazama viatu vyake.

"Alikuwa mume wangu," Mama Saa alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa yalikuwa ya furaha. "Hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Twende juu."

Walipanda wote watatu, katibu akihema nyuma. Kutoka dirishani mji ulionekana mzima: mabati yenye kutu, mto unaopinda nyuma ya stesheni, vilima vya kijani. Mwandishi aliutazama kwa muda mrefu, na daftari lake halikutoka mkobani.

Mama Saa akamshika mkono, akauweka kwenye mshale mrefu wa saa.

"Sukuma mbele, taratibu. Saba."

Mwandishi akasukuma.

"Chumba hakifungwi, mama," katibu akasema kutoka mlangoni. "Nisamehe."

Mama Saa aliitikia kwa kichwa, kisha akaugeukia ukuta.

"Baba watoto, mgeni wako amefika. Amechelewa, lakini amefika."