Siku Ufukara Ulipokaguliwa

Kwa siku tisa Arbia alijiandaa kuuonyesha umaskini wake. Umaskini wenyewe haukuhitaji kutafutwa, ulikuwa umejaa nyumba nzima. Kilichotafutwa ni karatasi zake: risiti za maji ya mkokoteni, barua ya mwenye nyumba, taarifa za simu za miezi sita, na hati ya dalali aliyebeba friji zake tatu za maziwa, kisha akarudi kesho yake kuulizia ufunguo wa moja.

Zamani hizo, ambazo ni miaka mitatu tu, Arbia alikuwa akipeleka Nairobi lita mia tatu za maziwa ya ngamia kila siku. Alikopa laki saba kwa kampuni ya mikopo akanunua friji. Ukame ukawakausha ngamia. Mvua ilipokumbuka kuja ikaja na deni lake lenyewe, mto ukakata barabara pale Madogo, na maziwa ya wiki nzima yakaozea ng'ambo hii huku wateja wakingoja ng'ambo ile. Riba haikuzuiwa na mafuriko. Sasa deni lilikuwa milioni moja na laki moja, na kampuni ilikuwa imeiomba mahakama imfunge. Kesi ilikuwa Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne.

Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki wazi. Sheria inamruhusu mtu asiye na mali ya kuuza, na ambaye deni lake halijapita kiwango fulani, kuomba aachiliwe na wadai wake. Akikubaliwa na akakaa mwaka mmoja bila hila, deni linafutwa. Lakini kwanza anapimwa: anaingiza nini, anatumia nini kwa mambo ya lazima. Kikibaki hata cha kununulia sukari, afisa anasema mlipe mdai hicho, na mlango unafungwa.

Arbia alimweleza haya yote karani wa ofisi ya ufilisi, mwenye nyumba na watu wa duka la mtandao waliomjazia fomu. Nyumbani hakumweleza mtu. Kwa Eeddo Sharifo, shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyeishi kwenye chumba cha uani, alisema tu asubuhi ile akiwa mlangoni, "Eeddo, leo kuna mgeni wa serikali kutoka Nairobi." Kisha akatoka kwenda kumpokea. Mtu aliyelelewa Garissa alipaswa kujua kwamba maneno kama hayo hayaachwi nyuma bila mlinzi.

Mgeni alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, viatu vya kutembea na faili kubwa kifuani. Arbia alimwita madam, na madam hakukataa.

"Nina saa moja," madam alisema wakiwa njiani. "Nina nyumba nyingine nne leo. Nitakachokiona ndicho nitakachoandika. Nikikuta kitu ambacho hakiko kwenye fomu, naandika. Ikiwa ulikificha, hilo ni kosa jingine na lina kifungo chake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madam. Utakuta mkeka, jiko, magodoro mawili na sanduku la nguo. Ukiharakisha utamaliza dakika tano."

Madam karibu atabasamu.

Harufu iliwapokea kabla ya nyumba. Kwanza uvumba, kisha, nyuma ya uvumba, nyama. Arbia akajiambia ni kwa jirani. Akafungua pazia la mlango na mguu wake ukazama kwenye zulia.

Lilikuwa zulia jekundu, limejaa ukuta hadi ukuta. Juu yake kulikuwa na matakia manane yenye nyuzi za dhahabu, chupa nne za chai zimepangwa kwa urefu, birika la fedha, sinia la tende, na ukutani televisheni pana kama mlango. Pembeni walikaa wanawake sita wa mtaa wamevaa dirac, magauni mapana ya harusi. Katikati yao alikuwa Eeddo Sharifo, fimbo mkononi, uso unang'aa kwa ushindi.

"Bita, madam, bita ndani," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii nyumba yako."

Arbia aligeuka. Alimtazama madam. Madam alikuwa anatazama televisheni, na kalamu ilikuwa imeshatoka.

"Mkeka, jiko, magodoro mawili," madam alisema taratibu.

"Madam, nikueleze..."

"Subiri. Zulia moja, kubwa." Akaandika. "Matakia, nane. Televisheni, inchi arobaini na kitu." Akamgeukia Eeddo. "Shikamoo mama. Hivi vitu ni vya nani?"

"Ni ya kwake," Eeddo alijibu kabla mtu hajapumua. "Kitu yote ni ya kwake. Huyu hajakosa kitu. Uliza mtaa wote, nani amewahi kutoka hapa na njaa?"

"Hakuna," wanawake wakaitikia kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi. Na walikuwa wamefanya.

Arbia alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kumwambia madam ukweli ni kumwita shangazi yake mwongo mbele ya mgeni. Afadhali mtu amvue Eeddo shela barabarani. Kunyamaza nako ni kuingia Alhamisi mahakamani na zulia jekundu likiwa limeandikwa kwa jina lake. Akanyamaza. Akajichukia, akaendelea kunyamaza.

Madam aliketi, akakataa chai kwa mkono kifuani, akafungua ukurasa wa hesabu.

"Tuone mapato. Unauza chai ya maziwa ya ngamia stendi ya mabasi. Elfu kumi na tatu kwa mwezi."

"Ndiyo."

"Na msaada wa jamaa, elfu sita kila mwezi. Jumla elfu kumi na tisa. Matumizi: kodi elfu tano, chakula elfu saba na mia tano, maji elfu moja mia nane, shule na madrasa elfu mbili mia nne, dawa mia tisa." Kalamu ikasimama. "Na hii elfu moja mia nne? Umeandika 'kuchangia wengine.'"

"Matanga, harusi, mtu akilazwa. Kila mwezi kuna mtu."

"Hiyo si lazima."

Wanawake sita walimtazama madam kama mtu aliyesema kuvaa nguo si lazima.

"Madam, nisipochangia sitachangiwa," Arbia alisema. "Hiyo elfu sita unayoiona kule juu inatoka wapi?"

"Nakuelewa. Lakini kipimo hakinielewi mimi." Akapiga mstari. "Matumizi ya lazima ni elfu kumi na saba na mia sita. Kinabaki elfu moja na mia nne. Hiyo unaweza kumlipa mdai kila mwezi. Na sijauza zulia bado."

"Nani analipwa?" Eeddo aliuliza. "Mdai gani?"

 Madam alianza kufunga faili, na Arbia akauona ule mfuniko wa kadibodi ukishuka. Akajiona Alhamisi, mbele ya hakimu, na watoto wake watatu wakiambiwa mama amesafiri.

"Khadra," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Khadra, zulia ni lako. Lichukue."

Khadra, jirani wa mlango wa pili, alitazama chini. "Abaayo, dada yangu, mgeni bado amekaa."

"Mgeni ataketi kwenye mkeka. Matakia ni ya nani? Birika? Chukueni vyenu." Akamgeukia Eeddo, na hili ndilo lililomchoma. "Eeddo, nisamehe. Nimefilisika. Nadaiwa milioni na zaidi. Huyu si mgeni wa heshima, amekuja kuhakikisha sina kitu. Nikionekana ninacho, Alhamisi nafungwa."

Sufuria ya uani ilisikika ikitokota.  Eeddo Sharifo alikaza vidole kwenye fimbo.

Wanawake wakainuka, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyefanya haraka, kwa sababu haraka ingeonekana kama furaha. Khadra alilikunja zulia huku madam akinyanyua mguu mmoja, kisha mwingine. Kulow mchinjaji, aliyekuwa uani na kisu chake, aliitwa aje achukue televisheni yake, na hapo madam akauona waya wake ukining'inia.

"Hii ilikuwa imechomekwa wapi?" aliuliza.

"Mahali popote, madam," Kulow alisema. "Nyumba hii haina umeme. Tuliiweka kwa ajili ya macho."

Madam alikata mistari mitatu, akasaini pembeni mwa kila mmoja. Sasa ndani kulibaki mkeka, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, na sanduku la nguo. Ilionekana kama nyumba iliyoibiwa na majambazi wenye adabu.

"Mali tumemaliza," madam alisema. "Hesabu bado. Elfu moja na mia nne bado iko. Hiyo elfu sita inatolewa na nani? Nataka majina."

Arbia alimtazama Eeddo. Kila mwezi, kwa miezi minane, Eeddo ndiye aliyemletea hela hizo zimefungwa kwenye pindo la shela. "Za jamaa," alikuwa akisema. "Wametoa huyu na yule. Usiulize, utawatia haya." Na Arbia hakuuliza.

"Jamaa ni wengi," Eeddo alisema.

"Nitajie wawili, mama."

"Wengi sana. Siwezi kuanza na wawili, wengine watakasirika."

Kulow alikuwa bado ameikumbatia televisheni. Alikohoa. "Eeddo, mwambie."

"Wewe peleka kitu chako nyumbani."

"Madam, hakuna jamaa," Kulow alisema, akiongea na televisheni zaidi kuliko na mtu. "Mama huyu alikuwa na mbuzi tisa kwa mchungaji huko Korakora. Kila mwezi ananiuzia mmoja, elfu sita. Nimenunua wanane."

"Na wa tisa?"

Kulow hakuhitaji kujibu. Wote walitazama uani, kwenye sufuria.

Arbia alikaa sakafuni. Miezi minane alikuwa amekula mbuzi wa mwanamke mzee akidhani ni ukoo mzima unaomkumbuka. 

"Basi msaada umekwisha," madam alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali, lakini kalamu haikupungua. "Ila siwezi kuufuta kwa neno la mchinjaji. Aliyekuwa akitoa aseme mwenyewe. Naandika hapa kwamba mifugo yake imekwisha na hana kingine cha kutoa. Aweke dole gumba."

Kulow aliyarudia maneno hayo kwa Kisomali, polepole, asiongeze wala kupunguza.

Eeddo Sharifo alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi niseme sina? Mbele ya Khadra?"

"Eeddo, mimi naenda uani," Khadra alisema.

"Kaa. Umeshasikia." Akamgeukia madam. "Mimi nimezika waume wawili na nimepita ukame wa kila jina. Kuna mwaka tulichemsha ngozi tukanywa maji yake. Sijawahi kusema hilo neno kwa mtu. Uliza."

"Sikatai, mama. Lakini bila dole, elfu sita inabaki."

"Ibaki. Nitatafuta mbuzi wengine."

"Wapi?" Arbia aliuliza.

 Saa ya madam ilionyesha dakika nane zimebaki. Arbia alisogea kwa magoti hadi mbele ya shangazi yake. Hakuuinua uso.

"Mimi nimesema sina mbele ya wote hawa," alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, ili wengine wasilazimike kusikia. "Nilidhani nitakufa. Sijafa. Eeddo, ukisema na wewe, tutakuwa wawili. Usiposema, nitakuwa peke yangu, na nitakuwa ndani."

 Nje punda wa mkokoteni wa maji alilia, akanyamaza. Eeddo Sharifo aliiweka fimbo chini. Alikunja mkono wa dirac hadi kwenye kiwiko kama mtu anayetaka kuosha mtoto, akakinyoosha kidole gumba, akageuza uso ukutani.

"Wapi?" aliuliza.

Madam akamshika kidole, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Halafu akapiga mstari juu ya elfu sita na kuanza hesabu upya, midomo ikicheza. Wanawake waliokuwa mlangoni na matakia yao walinyoosha shingo.

"Mapato elfu kumi na tatu. Matumizi ya lazima elfu kumi na saba na mia sita. Upungufu, elfu nne na mia sita kila mwezi." Akagonga muhuri kwenye barua, akampa Arbia. "Hii inasema ombi lako limepita kipimo na liko mbele ya ofisi. Mpe hakimu Alhamisi kabla wakili wao hajasimama. Uamuzi wenyewe utakuja kwa maandishi, lakini sioni kitu cha kuuzuia."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu."

Khadra alianza kupiga kigelegele, akakikatia njiani, kwa sababu hakuwa na hakika kinachofurahiwa ni nini. Akabaki amesimama na zulia lake begani.

Arbia alisoma barua ile mara mbili. Kisha akauliza kile ambacho mtu aliyefaulu hapaswi kuuliza. "Hiyo elfu nne na mia sita, madam, mwezi ujao itatoka wapi?"

Madam aliivika kalamu kifuniko. Alifikiri, na ilionekana alikuwa akifikiri kweli. "Fomu haina nafasi ya hilo swali," alisema.

Eeddo Sharifo alikuwa anajifuta wino kwenye pindo la shela, mahali palepale alipokuwa akifunga hela. Haukutoka. Aliuangalia, akauacha.

"Kulow," aliita, "weka hiyo kitu chini, lete sinia ya nyama. Na nyinyi mlioko mlangoni, mnakwenda wapi? Hapa ni mkeka tu, lakini mnajua kukaa."