Mrija wa Nyongo wa Mzee Kasimiri

Tangu serikali iliporuhusu hospitali za binafsi, Semeni alikuwa mpimaji wa ultrasaundi katika hospitali moja ndogo mjini Morogoro. Watu waliteremka kutoka Mgeta wakimuulizia kwa jina. Ndiyo maana ilimuuma madaktari wageni walipokuja kwa wiki moja na mpira wao mpya wa kupimia tumbo, wakamchagua Juliana awe msaidizi wao. Juliana, aliyefundishwa kazi na Semeni mwenyewe!

Mpira ule ulikuwa na kamera na kipimo kidogo cha ultrasaundi nchani. Mgonjwa akiumeza, ulichunguza kongosho na mrija wa nyongo kutokea ndani ya tumbo.

"Dada Semeni, njoo uone," Juliana alimwita siku ya kwanza. "Sisi tukipima huku nje, gesi ya tumboni hutuzibia picha. Kule ndani kila kitu kiko wazi."

"Nina wagonjwa," Semeni alijibu. Chai yake ilimshinda kunywa.

Jumanne aliletwa mzee Kasimiri, mkulima wa mdalasini wa Kinole, macho ya manjano, ngozi imechubuka kwa kujikuna. Semeni alimpima juu ya tumbo. Mrija wa nyongo ulikuwa umetanuka, lakini kilichouziba hakukiona.

Juliana alichungulia mlangoni. "Huyu apimwe kwa mpira, dada. Huenda ni jiwe tu."

Huenda ni jiwe! Leo hii mwanafunzi wake anamsomea yeye picha. Juliana alipoondoka, Semeni alimgeukia Anastasia, binti wa mzee.

"Inaelekea ni kansa ya kongosho. Msimtese na mipira. Mrudisheni nyumbani akapumzike."

Anastasia alilia bila sauti, akamshika baba yake mkono, wakaondoka.

Kesho yake Juliana aliuliza, "Yule mzee wa Kinole yuko wapi?"

"Ndugu zake wamekataa."

Alhamisi asubuhi mgonjwa mmoja kutoka Kinole alisema kwamba mzee Kasimiri ameitiwa padri. Semeni aliweka chini kipimo alichoshika. Alivua sare, akapanda pikapu ya wachuuzi wa ndizi hadi Kinole, mlimani. Alimkuta mzee amelala barazani, ameshapakwa mafuta ya wagonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukuchukua. Niliwaambia jambo nisilolijua."

Ijumaa, siku ya mwisho ya wageni, Semeni alisimama nyuma ya Juliana akitazama kioo. Jiwe lilikuwa pale, dogo kama punje ya choroko, limekwama mwishoni mwa mrija. Kongosho lilikuwa zima. Daktari aliingiza mpira mwingine, akapasua kidogo mdomo wa mrija, akalivuta jiwe. Nyongo nyeusi ikamwagika.

Walipobaki wawili, Semeni alisema, "Ndugu zake hawakukataa. Nilikataa mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Juliana alivua glovu, akatoka. Kwa wiki nyingi alimwamkia tu, basi.

Macho ya mzee yalirudi meupe, akarudi kwenye mdalasini wake. Juliana akapata nafasi ya kwenda nje kusomea ule mpira. Siku ya safari Semeni alimfuata kituo cha mabasi bila kualikwa. Wivu ulikuwepo bado. Alilichukua begi mkononi mwa Juliana, akalibeba hadi kwenye basi.