Zabibu Si Pombe

Kaka yangu Ghenadie alitoka hospitali ya wagonjwa wa akili zabibu zikiwa zimeiva. Daktari alimwambia mama mbele yangu kwamba Ghenadie asiguse pombe hata tone, maana ini lake limechoka, na dawa za sonona hazipikiki chungu kimoja na pombe. Mama akaitikia. Tulipofika nyumbani akamwaga vodka yote chooni, akaniambia kazi imekwisha. Mapipa ya divai kwenye ghala la chini ya nyumba hakuyagusa. Kwetu Moldova, divai ya nyumbani hakuna anayeihesabu kuwa pombe.

Ghenadie akalala. Kijana wa miaka ishirini na tatu, uso ukutani kutwa nzima. Nilimpelekea ugali na jibini, ukapoa palepale.

"Kula kidogo, kaka."

"Niache, Viorica. Hata kutafuna kunanichosha."

Nilikasirika, nikataka kumvuta miguu. Kisha nikaogopa, kwa sababu yeye hakuwa na hasira hata kidogo.

Tulipomaliza kukamua zabibu, mama alipanda na kikombe cha maji ya zabibu hizo yaliyoanza kuchacha, mazito, yenye povu. Nikamzuia mlangoni.

"Mama, hiyo ni pombe!"

"Pombe gani? Si zabibu zetu hizi? Wewe nilikunywesha ukiwa na meno mawili. Ulikufa?"

"Daktari alisema hata tone!"

"Alisema vodka. Hii inaongeza damu. Nipishe huko, mjuaji wee."

Ghenadie akageuka kutoka ukutani, akakiona kile kikombe.

"Mama, usinipe," akasema taratibu. "Tafadhali."

"Kwa ajili yangu, mwanangu. Nimekukamulia kwa mikono hii."

Hakuwa na nguvu ya kumkatalia mtu chochote. Akanywa, akarudisha kikombe kitupu. Mkono wake, uliokuwa ukitetemeka tangu atoke hospitali, ukatulia, na hapo nikajua tumempoteza.

Siku hizi kukipambazuka anaamka mwenyewe. Anavaa viatu, anashuka kwenye mapipa. Chakula bado hagusi. Jana alianguka kule chini, tukampandisha mimi na mama, macho yake yakiwa ya manjano, hajui mimi ni nani. Nililia kwa sauti. Mama alimpangusa matapishi shingoni, akamfunika blanketi, akapiga ishara ya msalaba.

"Usilie, binti yangu," akaniambia. "Mungu ni mwema. Angalau sasa anatoka kitandani."